Nilivyoongeza GLA kwenye mafuta ya boraji kwa kimeng'enya, nikiwa Tengeru

Mafuta ya mbegu za boraji, mmea wa maua ya buluu, yana kitu ambacho alizeti yetu haina: asidi ya gama-linoleniki, yaani GLA, kati ya asilimia 20 na 25. Mwili huweza kuitengeneza kutokana na asidi ya linoleiki iliyojaa kwenye alizeti, ila kwa kasi ndogo sana. Nilitaka kuiongeza zaidi bila moto mkali, maana asidi za namna hii zikikutana na joto na hewa huchacha upesi.

Siri ni kwamba huitoi GLA. Unaziondoa zile nyingine. Lipasi, kimeng'enya cha kukata mafuta, kutoka chachu ya Candida rugosa hukata asidi mafuta kutoka kwenye gliseroli, ile molekuli inayozishikilia pamoja, lakini kwa GLA inasuasua. Kifungo maradufu cha kwanza cha GLA kiko kaboni ya 6, karibu na pale pa kukatia, hivyo mnyororo unapinda mapema kama kiwiko na kuingia kwa shida kwenye kimeng'enya. Palmitiki, oleiki na linoleiki zinakatwa, GLA nyingi inabaki imeshikana na gliseroli. Napenda sana jambo hili: umbo tu la molekuli linafanya kazi ya kuchambua.

Maji niliyawaza mapema. Huku miteremko ya Meru maji mengi yana floraidi, tunaiona hata kwenye meno ya watoto, na sikutaka iingilie kazi ya kimeng'enya. Bafa ya pH 7, kimiminika cha kuzuia uasidi usibadilike ovyo, niliitengeneza kwa maji yaliyokenekwa tu. Na kwa baridi ya Julai ya Arusha, lipasi ingelala. Chupa ilikaa kwenye maji ya nyuzi 35, ikikorogwa mfululizo chini ya gesi ya nitrojeni ili hewa isiyaguse mafuta.

Kazi yenyewe hasa ni kujua pa kusimama. Ukiwahi, mafuta hayajabadilika sana. Ukichelewa, lipasi inaanza kuikata hata GLA. Mama mmoja fundi wa maabara aliniambia, "Mwanangu, usiangalie saa, angalia asidi." Basi nikawa nachota sampuli kidogo, natia fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi penye alkali, na kudondosha alkali tone kwa tone hadi uwaridi hafifu utokee na usipotee. Alkali ikizidi kuhitajika, ujue asidi nyingi zimeshakatwa.

Zilipokatwa zaidi ya nusu, nilisimamisha kwa ethanoli. Nikaongeza heksani, kiyeyushi cha mafuta, na alkali ya potashi: asidi zilizokatwa zikageuka sabuni na kushuka na maji, gliseridi, yaani mafuta ambayo bado yameshikana na gliseroli, zikabaki juu kwenye heksani. Katikati palitanda utando mzito kama maziwa; ethanoli kidogo zaidi na subira viliutenganisha. Heksani niliivukiza kwa shinikizo dogo.

Gesi kromatografia, kipimo kinachotenganisha asidi moja moja, ilionyesha GLA imepanda kutoka asilimia 21 hadi 41. Mafuta hayo yako kwenye chupa ya kahawia ndani ya friji, yametiwa vitamini E. Lipasi ni ghali, kwa hiyo sasa naifungia ndani ya chembe za alijineti, jeli itokanayo na mwani, ili nichuje na kuitumia tena.