Siku moja na wavu wa kudaka watu, Kisutu

Watu wakipita mjini wakaona jengo limevikwa wavu wa kijani toka juu hadi chini, wengi wanadhani huo ndio wa kuzuia mtu asianguke. Huo ni wa vumbi, na wa kuzuia vipande vidogo visimwangukie mpita njia. Mtu mzima akiuangukia anapita nao. Wavu ninaoshughulika nao mimi huuoni ukiwa barabarani. Umetandazwa ndani ya jengo, chini ya miguu ya mafundi, una matundu ya sentimita 10 na kamba nene kwenye pindo pande zote. Kazi yangu ni kuufunga, kuukagua na kuushusha. Nimechagua Jumanne iliyopita niwaonyeshe inavyokuwa.

Saa 10:30 alfajiri niko macho, saa 11:30 niko kwenye pantoni Kigamboni. Huu ni msimu wa kusi, na ukisimama pembeni ya pantoni unajua mapema mchana huko juu kutakuwaje.

Saa 1:00 asubuhi, kikao cha usalama kabla ya kazi. Nilipewa dakika chache, nikawaeleza vijana habari ya daraja la Golden Gate kule San Francisco. Wakati wa ujenzi walitandika wavu chini yake, na watu 19 walioanguka wakadakwa wakabaki hai. Halafu tarehe 17 Februari 1937 jukwaa la kazi likang'oka, likaangukia wavu huohuo, likauchana, na wafanyakazi 10 wakafa. Nilitaka walielewe hilo la pili. Wavu unadaka mtu, haukufungwa ubebe jukwaa wala shehena ya mbao.

Saa 2:00 tukaenda stoo. Jengo letu lina uwazi katikati, kama mita 6 kwa 9, unaopanda toka chini hadi juu. Wavu ulikuwa usawa wa ghorofa ya nne, mafundi wamemaliza ya sita, sasa wanataka kuanza kupanga mbao za zege la ya saba. Kiwango tunachofuata hakiruhusu mtu aanguke zaidi ya mita 6 kabla ya kudakwa. Toka ya saba hadi ya nne ni mita 9. Kwa hiyo wavu upande kwanza, mbao baadaye. Mpango ulikuwa tufunge wavu wa akiba juu, ndipo tushushe wa chini, pasiwe na nafasi ya mtu kukaa bila wavu.

Tukaukunjua wa akiba sakafuni. Karibu na kona moja nyuzi zilikuwa zimeyeyuka na kuganda vidonge vyeusi. Nilipominya kimoja kwa kucha kikavunjika. Mtu amechomelea vyuma juu yake, cheche zimedondoka. Matundu manne mazima yamekwenda. Kuna aliyependekeza tupige fundo pale tuendelee. Nilikataa. Ukifunga fundo kwenye uzi ulioungua huwezi tena kujua unashika kiasi gani. Nikaufunga utepe mwekundu, nikaandika USITUMIE, ukarudi stoo.

Maana yake ni kwamba wavu mmoja ule ule ushuke, kisha upande. Katikati hapo hakuna kitu, na sakafu ya juu inabidi ifungwe, asipande mtu.

Saa 3:00 tukaanza kuusafisha, maana haushushwi na taka ndani. Mkanda mwilini, kamba imefungwa kwenye nguzo, unavuta uchafu kwa ndoano ndefu ukiwa ukingoni. Tulitoa vipande vya plaiwudi, mifuko mitupu ya saruji, chupa za maji, na ubao wa futi sita wenye misumari minne inayoangalia juu. Huo ubao uliniuma moyo. Mtu akianguka, ndiko anakokwenda kulalia.

Saa 5:00 hivi akaja msimamizi wa mafundi mbao. Mzee wa watu, anaijua kazi yake, lakini siku hiyo alikuwa na zege la keshokutwa kichwani na hakusikia lingine.

“Mdogo wangu, vijana wangu wamekaa tu pale chini. Mimi nawalipa nini?”

“Shikamoo mzee wangu. Wavu unahamishwa, juu pamefungwa mpaka tukabidhi.”

“Kufunga kamba ndiyo kazi ya siku nzima? Waache waanzie nguzo za nyuma, hawatafika kwenye shimo.”

Nikamwambia mbao zenyewe zinapita wapi kwenda nguzo za nyuma? Pembeni ya shimo. Na anayebeba ubao begani haoni upande mmoja. Akaondoka akipiga simu. Akarudi. Akaniambia saiti nyingine wanafanya bila wavu kabisa na wanamaliza kwa wakati. Akaondoka tena. Wakati huo kijana mmoja akapita chini ya utepe na ubao wake begani, kabisa, anapanda ngazi. Ilibidi nisimamishe kazi yote, niteremke, nimwombe arudi. Hakuwa mkorofi, ametumwa. Nikasubiri mpaka mwenzangu akasimama pale ngazini, na hapo tukawa tumepungua mtu mmoja kwenye kamba.

Injinia alipokuja aliuliza swali moja tu, urefu toka juu hadi ulipo wavu. Nikamwambia mita 9. Akamwambia mzee awapeleke vijana wakakate mbao chini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri awalinde watu wake kazini, na OSHA, wakala wa serikali wanaoisimamia sheria hiyo, wakija saiti hawaulizi zege ni lini. Lakini karibu saa mbili zilikuwa zimekwenda, na upepo umeshaamka.

Kushusha ndiko kunakochosha. Watu hudhani unafungua tu kamba, wavu unaanguka, basi. Chini pazungushiwe utepe kwanza. Unafungua upande mmoja huku pande nyingine zimeshika, kona zinabaki za mwisho, na unateremsha kwa kamba taratibu, watu wote kwa sauti moja. Upepo ukauvuta kuelekea nondo zilizochomoza ukutani, ukanasa. Ukilazimisha unachana. Tukaurudisha juu, tukaunasua, tukashusha tena. Mabega yalikuwa yanawaka. Chakula tulikula saa 9:00 imepita, wali maharage alioufunika mama ntilie, umepoa na mtamu vilevile.

Sijui vizuri tulianza kufunga juu saa ngapi. Najua jua lilikuwa limehamia upande wa pili. Bolti zenye jicho zilishawekwa kwenye zege la ya sita. Mzingo ni mita 30, na toka kishikizo hadi kishikizo isizidi mita 2.5, kwa hiyo visipungue 12. Kila kimoja nilikishika kwa mkono wangu. Wavu haukazwi kama ngoma, unaachwa ulegee kidogo ili umpokee mtu bila kumrusha, ndiyo maana chini yake lazima pawe wazi. Upande wa ngazi palibaki mwanya mkono wangu mzima unapita. Tukapashona kwa kamba, tundu kwa tundu, mpaka ngumi ikagoma kupita. Kijana wetu mgeni ndiye aliyeshona, kwa subira, na sikukuta cha kurekebisha.

Jua linazama ndipo nikamwita mzee akague. Akazunguka pande zote nne, akasaini, akaniuliza kama vijana wake wapande saa 1:00. Nikamwambia wapande saa 2:00, maana nitapita kukagua kwanza, usiku upepo unalegeza mafundo.

Kabla ya kushuka kwenda kuwahi pantoni niliandika kwenye kitabu cha saiti: wavu wa akiba umeungua, unatakiwa mpya kabla ya kwenda ghorofa ya nane, la sivyo sakafu itafungwa tena siku nzima. Nikaweka na tarehe.