Inchi 21 na Nusu

Wiki jana binti yangu alirudi kutoka shuleni na kazi ya hesabu iliyomtaka apime mzingo wa vitu vya mviringo vilivyomo nyumbani. Alipokwisha kupima sufuria, ndoo na mkebe wa majani ya chai, alinizungushia tepu kichwani nilipokuwa nimeinama kuwasha jiko, akasoma kwa sauti kwamba mimi ni sentimita 57, kisha akaenda zake kuandika. Nilibaki na kiberiti mkononi, nikimkumbuka Shangazi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, katika ule mwezi wa Julai aliokuwa akitibiwa.

Shangazi ni fundi cherehani. Ameshona nguo katika Soko la Jericho tangu sijazaliwa, na mpaka leo humkumbuka mtu kwa vipimo kabla ya kumkumbuka kwa jina. Ukimtajia jirani aliyehama zamani, atauliza kama ni yule wa kiuno cha 34 mwenye bega moja lililoshuka. Basi alipoanza kutibiwa saratani kwa kemo, yaani zile dawa kali za kuua seli za saratani, na nywele zikaanza kutoka kabla ya awamu ya pili, binamu zangu waliona njia rahisi ya kumfariji ni kumnunulia wigi. Waliingia katika maduka ya upande wa River Road na barabara ya Dubois, wakachagua nzuri, wakahakikishiwa na muuzaji kwamba humtosha kila mtu.

Haikumtosha. Wigi nyingi za madukani hutengenezwa kwa kichwa cha wastani, ambacho ni kama inchi 22 au 22 na nusu, na mwenye nywele zake anaweza kuisaidia iliyozidi kidogo kwa vibanio na vile vichana vidogo vilivyoshonewa ndani. Mtu ambaye kichwa chake ni kitupu hana kitu cha kubania. Vichana vile vilimkwaruza ngozi, ambayo wakati wa matibabu huwa nyororo na yenye maumivu, na hata mikanda ya nyuma ilipokazwa hadi mwisho, wigi iliteleza kuelekea kisogoni kila matatu ilipopita tuta. Aliivaa kanisani mara moja, akairudisha katika mfuko wake, akafunga kilemba.

Mimi ndimi niliyemtafuta fundi wa wigi, mama mmoja mwenye chumba kidogo ghorofani katikati ya jiji, ambaye hushona kila wigi juu ya kichwa cha turubai chenye ukubwa wa mteja. Alinieleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia, kwamba mgonjwa wa aina hiyo asipimwe mapema, kwa kuwa nywele hata zikiwa zimesukwa huongeza ukubwa, na wigi iliyopimwa juu yake huja kulegea zinapokwisha. Alitaka aletewe kichwa chenyewe. Shangazi alikataa katakata, kwani kupimwa mjini kungemlazimu kufungua kilemba mbele ya watu wasiomhusu. Tulikubaliana kwamba nitampima nyumbani na kupeleka namba sita zilizoandikwa kwenye karatasi.

Ilikuwa Jumamosi ya baridi, mawingu ya Julai yakiwa yameifunga Nairobi tangu asubuhi. Shangazi aliketi kwenye kigoda mbele ya cherehani yake, akafungua kilemba, akakikunja mara nne na kukiweka mapajani. Kisha akanyoosha mkono na kuniomba tepu niliyokuja nayo. Aliilaza juu ya rula yake ya mbao, akaziangalia inchi za mwanzo, akanirudishia.

"Hii imevutika, mwanangu. Ukimpimia mtu suruali kwa hii, atakuja kukutukana."

Tukatumia yake.

Kipimo cha kwanza, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, huzunguka kichwa kwa kufuata mahali nywele zinapoanzia: kutoka juu ya paji la uso, juu kidogo ya sikio, nyuma ya sikio hadi chini ya kisogo, na kurudi kwa upande wa pili. Maelezo hayo niliyasoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi ya fundi, na hapo hapo tukakwama, kwa sababu hapakuwa na nywele za kutuonyesha zilianzia wapi. Paji la uso la Shangazi lilipanda moja kwa moja hadi utosini bila mpaka wowote. Niliweka kidole mahali nilipodhani ni penyewe, naye akasema ni chini mno, nikakipandisha, akasema sasa ninampa kichwa cha babu yangu.

Fundi alikuwa ameandika njia ya kupatafuta. Mtu huinua nyusi zake kwa nguvu mpaka paji lijikunje, na nywele huwa zilianzia juu kidogo ya kunyanzi la mwisho. Wengine huweka vidole vinne juu ya nyusi na kupata karibu mahali pale pale. Shangazi aliinua nyusi. Sura yake ikawa ya mtu aliyeambiwa habari ya kushangaza na ambaye bado hajaamua kuiamini, naye akabaki hivyo, macho wazi, akinisubiri nihesabu makunyanzi. Nilicheka kwanza, naye akanikemea bila kushusha nyusi, jambo lililonizidishia kicheko, hata tepu ikaniponyoka. Tulipotulia, alinituma nilete mkoba wake, akatoa kitambulisho, na tukaiinamia ile picha ndogo ambamo alikuwa na nywele fupi zilizochanwa nyuma. Alilinganisha umbali kati ya nyusi na nywele kwa ukucha wa kidole gumba. Baada ya hapo alichukua chaki yake ya bluu, ile ya kuchorea mapindo, akajichora mstari mfupi katikati ya paji lake mwenyewe, bila kioo.

"Anzia hapa. Usivute."

Nilianzia pale. Tepu ilipopita nyuma ya sikio la kushoto na kushuka kisogoni, ngozi ilikuwa baridi kuliko nilivyotarajia, na Shangazi, ambaye tangu niingie alikuwa hajanyamaza, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kuona tepu inapokaa, na sasa ilikuwa imekwenda mahali ambapo asingeweza kuiona. Niliifikisha kwenye chaki, nikapitisha kidole kimoja chini yake kuhakikisha imelala bila kubana, nikasoma 21 na nusu. Akanitaka nirudie, nikarudia, ikawa ile ile.

Baada ya muda alisema, "Wateja wangu nikiwapima huwa hawasemi. Nilikuwa nadhani wanaona haya kwa sababu ya nyonga zao."

Sikumjibu, na sidhani alikuwa akiniuliza. Vipimo vilivyobaki vilikwenda haraka: kutoka kwenye chaki kupitia utosini hadi kisogoni, inchi 13 na robo tatu, sikio hadi sikio kwa mbele, sikio hadi sikio kwa juu, panja hadi panja kwa kuzungukia nyuma, na mwisho upana wa shingo pale nywele zinapokomea. Nilipoanza kunakili kwenye simu alinizuia. Alitaka viandikwe katika daftari lake la wateja, kwa safu, kama anavyoandika yeye. Daftari hilo halina majina kamili. Lina "Mwalimu, mikono mirefu", lina "Mama Kwaya, asibanwe kifua". Nikamuuliza niandike nini kichwani mwa ukurasa. Alifikiri, akasema niandike "Fundi", na chini yake niongeze kwamba asibanwe masikioni.

Wigi ilikuwa tayari baada ya muda mfupi. Shangazi aliigeuza ndani nje kabla ya kutazama nywele zake, akakagua mishono, akaridhika nayo isipokuwa mmoja wa nyuma uliokuwa ukigusa ngozi tupu, ambao aliufunika kwa utepe laini wa pamba usiku ule ule. Ilimkaa. Katika harusi ya binamu yangu alicheza mpaka wapambe wakachoka, na haikusogea hata kidogo. Hata hivyo, nikihesabu picha za mwaka ule, naona kilemba mara nyingi kuliko wigi, na sijawahi kuelewa vizuri sababu yake. Yeye husema ilikuwa inampa joto. Nairobi, mwezi wa Julai. Pengine ni kweli, maana wigi ya nywele za mtu mara nyingi huwa nzito kuliko ile ya nywele za kutengenezwa, nasi tulimchagulia ile nzito tukidhani ghali ndiyo bora. Pengine pia alichokuwa amekikosa hakikuwa nywele, bali mtu wa kumtendea kwa makini kama anavyowatendea wengine, na nikifika hapo huwa naona ninajipa umuhimu ambao hakunipa.

Nywele zake zilirudi miezi michache baada ya matibabu kwisha, laini zaidi na zenye mvi nyingi. Jirani yake mmoja, mwenye kichwa kikubwa na moyo mkunjufu, alikuja kuiomba ile wigi kwa kuwa haina tena mwenye kuivaa. Shangazi alimtazama kichwa kutoka upande hadi upande, akamwambia hiyo ni 23 kasorobo na wigi haiwezi kufika, akamfungulia daftari ukurasa mpya na kumwonyesha kigoda.