Binti wa miaka 15 na mita 100: tulivyopunguza muda

Kila aliyemwona binti huyu akikimbia alinipa ushauri uleule: mkimbize kilomita tano kila asubuhi apate pumzi. Ushauri mbovu kabisa. Mita 100 zinataka nguvu ya kusukuma ardhi, na nguvu hiyo haijengeki mwili ukiwa hoi.

Nikapunguza mazoezi. Siku tatu kwa wiki, mitimko minne hadi sita ya mita 30, kwa kasi yote. Mapumziko ni dakika moja kwa kila mita 10 alizokimbia, yaani dakika tatu nzima. Saa ikionyesha kasi imeshuka, tunafunga siku, hata kama ndiyo kwanza mtimko wa tatu.

Kazi kubwa ilikuwa bloku, vile vibao viwili vya kukanyagia nyuma ya mstari wa kuanzia. Mwanzoni nilizisogeza karibu na mstari nikidhani atachomoka upesi. Kuchomoka alichomoka, lakini miguu ilikunjwa mno, ikamrusha juu badala ya mbele. Hatua ya pili tu, kasimama wima kama mlingoti. Nikarudisha ya mbele nyayo mbili kutoka mstarini, ya nyuma tatu, kwa nyayo zake mwenyewe. Kwenye amri ya "tayari", nyonga zipande juu kidogo ya mabega na goti la mbele likaribie pembe mraba.

Bado mguu wa nyuma ulikuwa umelala. Nikachomeka kipande cha karatasi kati ya soli yake na bloku ya nyuma, na kila akisema yuko tayari nakivuta. Siku ya kwanza kilichomoka mara zote. Wiki ya pili kilichanika mkononi mwangu, na hapo nikajua sasa anabana.

Kisha akarefuka ghafla, goti likaanza kuuma pale kano inaposhika mfupa, chini ya kifuniko cha goti. Mazoezi ya kuruka tukayaacha mpaka maumivu yalipotulia. Walionihimiza nisimpumzishe niliwajibu kwa mfano wa Usain Bolt, mkimbiaji wa Jamaika, kwamba haraka ya nini: ubingwa wa dunia wa vijana mita 200 aliupata 2002 akiwa na miaka 15, rekodi ya dunia ya mita 100 ikaja miaka sita baadaye, 2008.

Na saa ya kubonyeza kwa mkono isikudanganye. Ongeza sekunde 0.24 kwenye muda wake ndipo ulinganishe na mashine inayojipimia yenyewe. Upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, muda hauingii kwenye rekodi. Muda wa kwanza wa binti chini ya sekunde 12.5 ulipimwa na mashine, upepo ukimpiga usoni.