Karani, mkaguzi wa afya, mwalimu: waandishi wetu walikula wapi

Shaaban Robert hakuishi kwa vitabu. Alianza ukarani wa forodha mwaka 1926 na kukaa humo karibu miaka 18, kisha akapita idara ya wanyamapori, ofisi ya serikali Tanga na ofisi ya upimaji ardhi. Kusadikika, riwaya yake ya nchi iliyo angani, ilitoka mwaka 1951, naye bado mtumishi wa serikali ya kikoloni. Kwangu mimi, hapo ndipo ile nchi ya angani inapoeleweka. Karani hawezi kumshitaki bwana wake kwa jina. Anachoweza ni kumsimamisha Karama, mshitakiwa wa riwaya hiyo, mbele ya mfalme wa nchi isiyo kwenye ramani, akajitetea kwa habari za wajumbe, mmoja baada ya mwingine. Mtu anayeshinda na majalada anajua shauri linavyopangwa.

Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya Zanzibar kabla ya kuingia kwenye magazeti mwaka 1948, na kuanzia 1958 alihariri jarida la Mkulima. Mkaguzi huingia nyumba za watu, hutazama choo, kisima na jaa, huuliza kwa upole na kukumbuka kila jibu. Ukimsoma Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, jicho lile lile utaliona. Kezilahabi naye alikuwa mwalimu, na riwaya yake Rosa Mistika (1971) inajua bweni la wasichana na ofisi ya mkuu wa shule. Abdilatif Abdalla ndiye aliyenyang'anywa hata meza: mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) aliyaandika kifungoni, kwenye karatasi za chooni.

Basi wewe muuguzi, kondakta au mhasibu, usingoje kuacha kazi. Anza na daftari dogo la msamiati: neno moja kila siku ambalo watu wa nje ya kazi yako hawalijui, pamoja na sentensi uliyolisikia likitumika. Kwa miezi sita utakuwa na maneno zaidi ya 150, na mazungumzo ya wahusika wako hayatafanana tena na taarifa ya habari.

Miswada ya watu wa kazi maalumu huharibika mahali pamoja. Mwandishi husimamisha hadithi kurasa tatu aeleze sindano inavyochomwa, na mhusika amesimama tu na bomba mkononi. Acha kile ambacho mkono wa mhusika unakigusa wakati huo, kingine futa. Ufundi unavutia pale unapokwama: dawa imekwisha, muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo.

Hatari nyingine ni siri. Kumbadilisha mgonjwa au mteja jina hakutoshi, maana jirani atamtambua kwa ugonjwa, mtaa na mwaka. Badilisha angalau vitatu kati ya jinsia, umri, mji, mwaka na tukio lenyewe. Ukiweza, unganisha watu wawili wawe mmoja. Kisha soma mkataba wako wa ajira, kipengele cha usiri, kabla ya kumpelekea mchapishaji mswada.

Muda unapatikana kuliko tunavyodhani. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 40, ni maneno 60,000: riwaya kamili. Andika kabla ya kwenda kazini, kwa sababu jioni kichwa kimeshatumika.

Na fedha? Chukua mfano wa kitabu cha shilingi 10,000 na mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10. Ukihesabiwa kwa bei ya jalada, unapata 1,000 kwa nakala. Ukihesabiwa kwa kile mchapishaji alichopokea baada ya duka kukata asilimia 30, unapata 700. Nakala 1,000 zikiuzwa mwaka mzima, hiyo ni 700,000, isiyofika 60,000 kwa mwezi. Kwa hiyo uliza mapema, na iandikwe kwenye mkataba: asilimia 10 ya nini, na inalipwa mwezi gani.