Pikipiki ya kwenda nayo Soni

Jumapili jioni, Tabata

Nimeamua. Nachukua Yamaha R3 ya buluu niliyoikagua jana kule Mwenge, ya mkononi. Dada yake mkubwa, Yamaha R6, anabaki picha kwenye simu yangu. Nataka kuandika sababu zangu leo, kabla sijaanza kuiendesha, maana najua kuna wadogo zangu wengi wanaoumwa ugonjwa huu huu wa pikipiki za spoti na hawajui waanzie wapi.

Kwanza nisiidhulumu R6. Ni mashine nzuri mno. Cc 599, silinda 4 kwenye mstari mmoja, nguvu ya farasi kama 117, kilo 190 hivi ikiwa na mafuta. Tangu ilipotoka mwaka 1999 imekuwa ndoto ya vijana dunia nzima, na aliyewahi kuisikia ikipandisha mizunguko ya injini haulizi kwa nini. Kaka mmoja mwenye nayo alinikubalia nikae juu yake. Kiti chake kiko milimita 850 kutoka chini, nami ni mfupi, nikawa nagusa ardhi kwa vidole vya miguu tu. Nilipoinama kushika usukani, uzito wote wa kifua ukahamia kwenye viganja. Na hapo imesimama, imezimwa. Nikawaza viganja hivi vitakuwa na hali gani Ubungo saa kumi na moja jioni, injini inachemka katikati ya mapaja na bodaboda zinapenya kulia na kushoto.

Kilichonigeuza lakini ni hesabu. R6 ikiwa gia ya kwanza tu inavuka kilomita 100 kwa saa. Kwenye makazi ya watu sheria yetu inasema 50. Maana yake Dar yote, kutoka Tabata mpaka Bunju, ningeimaliza kwa nusu ya gia moja, tena kwenye mizunguko ya chini ambako injini ile bado imelala. Nguvu zake zinaamka huko juu kabisa. Halafu siku tairi likidumbukia shimoni, kiganja kikavuta mafuta bila mimi kukusudia, nguvu yote ile inakuja. Aliyezoea ataituliza. Anayejifunza anajikuta ameshafika kwenye bampa la mtu.

Wenzetu wameliwekea jambo hili sheria. Ulaya, mwenye leseni ya A2, ile ya ngazi ya kati, haruhusiwi kuvuka kilowati 35, karibu nguvu ya farasi 47. Japani wana leseni inayoishia cc 400. Ndiyo maana wakubwa wa kazi hii wametengeneza pikipiki nyingi nzuri zinazoishia hapo hapo: R3, Kawasaki Ninja 400, KTM RC 390. Kwetu, ukishapata leseni ya pikipiki inayozidi cc 125, hakuna anayekuzuia kununua cc 1000 kesho yake asubuhi. Kwa hiyo ngazi unajiwekea mwenyewe, na mimi nimejiwekea.

Sasa niseme ukweli wa moyo wangu. Sitaki pikipiki ya kushindana na mtu Bagamoyo Road. Nataka kupanda nayo kwetu Soni, kule milimani Usambara. Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto ataelewa: kilomita kama 33, lami nyembamba, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, kona inazaa kona. Malori ya mboga yanashuka, Noah zinapanda zimejaa mpaka mlangoni. Nimeipita barabara hiyo tangu utoto nikiwa nimebanwa dirishani, naangalia jinsi ukuta wa mlima unavyosogea na kurudi nyuma, na siku zote nilikuwa natamani niwe mimi ninayeikata ile kona. Mpaka unafika Soni hujapata kipande kirefu kilichonyooka cha kumfaa mwenye farasi 117. Pale panahitaji pikipiki nyepesi inayolala kwenye kona kwa hiari yake, na dereva anayejua kuilaza.

Na kuilaza ni elimu. Fundi anayenifundisha kwa Boxer yake uwanjani aliniambia, "Dada, ukitaka kwenda kulia, sukuma mkono wa kulia mbele." Nilidhani amekosea. Nikasukuma kidogo sana, na pikipiki ikalalia kulia, ikaingia. Tangu hapo siwezi kuacha kulifikiria jambo hilo. Jingine alilolisisitiza ni macho: ukilikodolea shimo macho, utaingia shimoni, tazama unakotaka kutokea. Haya mawili ndiyo nataka yaingie mwilini mpaka yasinihitaji kufikiri, na yanaingia haraka zaidi kwenye pikipiki isiyokutisha. R3 ina kilo 169, kiti kiko milimita 780, nyayo zangu zote mbili zinakanyaga chini. Tairi lake la nyuma lina upana wa milimita 140, la R6 ni 180. Jembamba linageuka upesi, halafu halimalizi mshahara siku ya kulibadilisha. Nguvu yake ni ya farasi 42 hivi, zaidi ya mara tatu ya Boxer ninayojifunzia. Kwa mtu kama mimi hiyo si pikipiki ndogo hata kidogo.

Yamaha R15, mdogo wake R3, niliipenda sana, na mtu atakayebaki mjini ningemwambia aichukue bila kusita. Ni nyepesi, inakula mafuta kidogo. Lakini kabla ya Mombo kuna Chalinze, Segera na Korogwe, na huko unakutana na lori la mizigo mbele na basi nyuma yako lina haraka. Unapotoka kulipita lori unahitaji akiba mkononi, na cc 155 inakuwa imeshatoa karibu yote iliyo nayo. Ninja 400 ningeichukua pia, sikupata iliyotunzwa. RC 390 ni nzuri, ila kiti chake na mgongo wangu hatukuelewana.

Mama nilimpigia simu nikitegemea mahubiri. Aliuliza swali moja tu: "Breki zake zikoje, mwanangu?" Mtu aliyeishi Soni miaka yote, akaona malori yanavyoteremka, hawezi kuuliza la kwanza tofauti na hilo. Nikamjibu kwamba hii ina ABS, kwamba nikibana breki kwa hofu kwenye lami yenye maji, tairi halitaganda likateleza. Akasema sawa, lakini nisipande wakati wa ukungu. Nimeahidi.

Jana basi tukaenda na fundi kuikagua. Kabla ya salamu kwisha alishaweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya baridi, akafurahi. Muuzaji anayeiwasha kabla hujafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Kisha akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele akanionyesha pete nyembamba yenye matundu kando ya diski, ndiyo inayoisomea ABS mwendo wa tairi. Taa yake kwenye dashibodi iwake ukifungua swichi, halafu izime ukishaanza kutembea. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameing'oa kuficha ubovu. Tukainua mbele, akaugeuza usukani polepole kutoka upande hadi upande akisikiliza kwa vidole kama unakwama katikati. Haukukwama. Akafuta mabomba ya shokapu ya mbele kwa kidole, kidole kikatoka kikavu, kwa hiyo sili hazivuji. Ncha ya usukani upande wa kushoto ina mkwaruzo, na kava la upande huo limegundishwa kwa ndani. Iliwahi kuanguka. Tuliangalia fremu na vikanyagio, vimenyooka, nami sikuona sababu ya kuikataa kwa hilo. Hata mimi huenda nikaiangusha siku moja pale getini, na kava lililokwisha kupata kovu haliumizi roho kama jipya.

Kwenye matairi ndipo tulipobishana na muuzaji. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ilisomeka 2416. Wiki ya 24, mwaka 2016. Meno yalikuwa bado marefu na muuzaji alikuwa anayapigapiga kwa fahari, lakini mpira wa umri huo umeshakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa. Tukakubaliana apunguze bei, nami ninunue mapya yote mawili kabla sijatoka nayo barabara kuu. Katika mambo yote ya jana hili ndilo ninalomwomba kila anayesoma alikumbuke. Rangi na ekzosi vinaweza kusubiri. Tairi halisubiri.

Helmeti nimeshanunua, ya kufunika uso mzima, yenye alama ya E ndani ya duara kwenye lebo ya mkanda. Glovu na buti ninazo. Jaketi lenye kinga za mabega na viwiko linakuja mwisho wa mwezi, na mpaka lifike nitabaki uwanjani na fundi, gia ya kwanza na ya pili, kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka.

Kesho kutwa nakutana na muuzaji TRA tubadilishe jina kwenye kadi, halafu bima. Soni itakuwa baada ya mvua.