Saizi Kumi na Mbili

Mwaka 1996 nilikuwa na umri wa miaka 19 na nilikuwa naujua muziki. Ndivyo nilivyojiona. Nilikuwa nimefundishwa kinanda miaka mitatu, nasoma noti kwenye ile mistari yake mitano, natamka majina ya kodi, zile sauti zinazopigwa kwa pamoja, ambayo hakuna mtu Kibokoni, mtaa wetu wa Mombasa, aliyewahi kuniuliza. Jioni barazani, kahawa ikipita, ungenisikia ukadhani do re mi nimezivumbua mimi.

Siku mbili kabla ya harusi ya binamu yangu, mpiga udi wetu, mtu mzima ambaye kikundi chote kilimtegemea, akaangushwa na homa. Tukabaki na dumbaki, tari, mwimbaji na mimi. Nikasema hakuna neno, kinanda kinatosha.

Mazoezi tulifanyia uani kwa Shangazi, kwa sababu ndiko kulikokuwa na umeme wa kuaminika na mahamri. Shangazi alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ukumbini akimalizia nguo ya bi harusi, mlango wazi, futi shingoni. Nyimbo za mahadhi ya Kihindi, za aina ya mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo, zilikwenda vizuri. Hizo hupigwa kwa taishokoto na hamonia, vyombo vya kubonyeza kama changu. Kisha mwimbaji akashika wimbo wa zamani wenye mahadhi ya Kiarabu, ule mtindo ambao Zein l'Abdin na udi wake walituzoesha sisi watu wa Mombasa hata tukadhani ni wetu tangu kuumbwa dunia.

Cherehani ikanyamaza.

"Hapo sipo," Shangazi akasema.

Tukarudia. Akasema tena, hapo sipo. Mara ya tatu akatoka nje na sindano mdomoni, akaielekeza kwenye kinanda kama anayeonyesha panya. Nilikuwa nabonyeza mi. Akasema iko juu mno. Nikashuka hadi kile kitufe cheusi kinachofuata, mi ndogo. Akakunja uso: "Sasa walilia. Hii ni harusi au matanga?"

Nikamweleza. Nasikia haya hadi leo nikikumbuka nilivyomweleza. Nilisema kuna skeli ya furaha na skeli ya huzuni, kuna intavali ya tatu kubwa, kutoka do hadi mi, na intavali ya tatu ndogo, kutoka do hadi mi ndogo, na kati ya hizo mbili hamna kitu.

"Intavali ndiyo mdudu gani?" akauliza. "Na nani kakwambia hamna kitu? Mbona mimi naimba?"

Akaimba. Alikuwa na sauti nyembamba iliyokwaruza kidogo, na kwa kweli ile sauti ya tatu haikuwa mi wala mi ndogo. Mpiga dumbaki akacheka. Mimi nikasema Shangazi anatoka nje ya tuni. Kauli hiyo ilinigharimu mahamri ya siku ile.

Lililoniokoa ni jambo moja nililosikia darasani na kulipuuza: kwamba Wagiriki wa kale walipima sauti kwa urefu wa uzi. Nikachukua chaga la kitanda kibovu, nikagongomea misumari miwili, nikafunga mshipi wa kuvulia wa mdogo wake bi harusi na kuukaza kwa kijiti hadi ukalia. Chini ya chaga nikaweka debe ili sauti itoke. Nikatia vipande viwili vya penseli chini ya mshipi, huku na huku, halafu nikaomba futi.

"Hiyo futi itarudi," akasema Shangazi. Lakini alivuta kigoda akakaa.

Kutoka penseli hadi penseli ilikuwa sentimita 60. Nikaukaza mshipi hadi ukalingana na do ya kinanda. Kisha nikasogeza penseli moja hadi 30, nusu kamili, nikagusa.

"Huyo ni yule yule," akasema papo hapo, "ila huyu mtoto, yule mama yake."

Miaka mitatu nilikuwa nikiita kitu hicho oktava. Nikanyamaza. Nikasogeza hadi 40, thuluthi mbili za mshipi, ikatoka so. Akatikisa kichwa kuridhia: hawa wasikizana. Kinanda nacho kilikubaliana na mshipi, tofauti yao haikufika hata milimita moja.

Sasa tukatafuta mi. Nilibonyeza kitufe kwa mkono mmoja na kusogeza penseli kwa mwingine mpaka zikalingana, na Shangazi akatia alama kwa chaki yake ya kushonea: 47 na nusu hivi. Mi ndogo ikaangukia 50 na nusu. Kati ya chaki na chaki palikuwa na sentimita tatu za mbao tupu. Nikamwachia penseli.

Aliimba ule mstari polepole, akisukuma penseli kwa ncha ya kidole, akirudisha, akisukuma, kama apitishaye uzi tunduni. Akasimama. Nikasoma futi: 49. Nikamwambia aanze upya, nikampotezea alama makusudi. Akarudi 49.

Miaka baadaye ndipo nilipojua kwamba Waarabu huyaita mahadhi yale Rasti, kwamba ile sauti huitwa sika, na kwamba ina ndugu yake juu, sauti ya saba, ambayo nayo hukaa katikati vile vile. Siku ile nilijua tu kwamba nimemwambia mtu hamna kitu mahali ambapo kilikuwepo kwa vipimo.

"Kinanda chako kina vidude vingapi, kutoka mama hadi mtoto?" akaniuliza.

Nikahesabu vyeupe na vyeusi. Kumi na viwili.

"Basi ni nguo za dukani. Saizi kumi na mbili. Mwili wako ukiangukia katikati, shauri yako." Akachukua futi akaivaa. "Udi hupima mtu."

Sijapata mwalimu aliyenieleza vizuri zaidi. Udi hauna vyuma shingoni kama gitaa, kidole hukaa popote sikio linapotaka. (Siku hizi kuna vinanda vyenye swichi ya kushusha sauti robo. Changu hakikuwa nayo.)

Nikamuuliza, sasa tufanyeje, harusi ni kesho kutwa? Alikuwa ameshageuka kurudi kwenye cherehani.

"Nguo isiyomkaa mtu si huivua?"

Usiku wa harusi mtaa ulitandwa turubai, wanawake mbele na leso zao. Wimbo ulipofika pale, niliinua mkono. Kinanda kikanyamaza kwa pigo moja, dumbaki ikaendelea, na mwimbaji akapita pale peke yake. Ikawa hivyo kila ubeti. Mara ya nne Shangazi akainuka kuja kututuza, akicheza kidogo kidogo kama wafanyavyo watu wazima, noti ya shilingi hamsini ikiwa imekunjwa vidoleni. Hakuitia kwenye sahani. Aliinama juu ya kinanda, akatafuta, akaichomeka katikati ya kile kitufe cheusi na cheupe.