Ndoa mbili za nje ya mpaka

Baba yangu amebakiwa na ndugu wawili. Baba mkubwa, ambaye anaishi Ujiji, alimwoa mwanamke wa Kalemie, upande wa Kongo, mwaka 1976. Shangazi, ambaye makazi yake ni kijiji kimoja cha mwambao kaskazini mwa mji wa Kigoma, alikuwa ameolewa miaka miwili kabla yake na Mrundi aliyevuka mpaka akikimbia mauaji ya mwaka 1972. Wote wawili ni Waha, wamezaliwa nyumba moja kwa mama mmoja, na wote walichagua wenzi waliotoka nje ya nchi. Nimewatazama kwa muda mrefu wakizeeka, mmoja akizeeka kama mzee anayeheshimika na mwingine kama mtu anayetakiwa kujieleza, na kwa miaka mingi nilidhani tofauti hiyo ilitokana na bahati tu.

Bahati imo, lakini si yote. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana mlango huo. Inambidi apite njia ndefu ya tajinisi kama mgeni mwingine yeyote, kwa masharti na ada zake. Mama mkubwa aliomba, akapata cheti chake, na leo ukimwita Mkongomani atakucheka kwa Kiswahili cha Ujiji kilichonyooka kuliko cha kwangu. Mume wa shangazi alikufa mwaka 2011 akiwa bado ni mkimbizi, baada ya kuishi nchini karibu miaka arobaini na kuzaa na kulea humu watoto sita.

Yupo atakayesema kwamba Warundi wa mwaka 1972 walipewa uraia, na ni kweli. Serikali ilifungua mlango huo kati ya mwaka 2007 na 2008, zaidi ya watu 160,000 wakakubaliwa, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Mpango ule, hata hivyo, uliwahusu wakazi wa makazi matatu ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wale waliojificha kwa ndugu na marafiki katika vijiji vya wavuvi vya Kigoma, wakavua, wakaoa na kusahauliwa, hawakuwamo katika hesabu hiyo. Mume wa shangazi alikuwa mmoja wao. Mdogo wake, aliyepelekwa Ulyankulu huko Tabora akalima tumbaku, alikuwa upande wa pili wa hesabu, akawa Mtanzania.

Mdogo huyo ndiye aliyekuja kwenye msiba, na matanga yalipoisha akadai shamba la michikichi. Hapa ndipo mambo yanapopindana kwa namna ambayo ingechekesha kama isingekuwa ya kwetu. Shamba lilikuwa limeandikwa kijijini kwa jina la marehemu, ingawa marehemu huyo kila alikokwenda alikuwa mgeni. Palizi na ukamuaji wa mawese vilikuwa kazi ya shangazi na binti zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Lakini kwenye mirathi bado kuna Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Wazee walioketi siku ile hawakuhitaji kusoma tamko lolote, kwa kuwa walilijua tangu utotoni. Shangazi alibaki na nyumba na michikichi saba iliyo nyuma ya choo.

Tangu hapo anaishi kwa dagaa. Boti zikirudi alfajiri kutoka kwenye uvuvi wa taa, ananunua ndoo, anaanika, anageuza, anafukuza kunguru, kisha anaupeleka mzigo Kibirizi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, jambo ambalo binafsi naliunga mkono, chanja zake zilikaa tupu miezi mitatu. Baba mkubwa, aliyestaafu kazi ya reli, hakuona mabadiliko yoyote kwenye pensheni yake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au la; huku bara, pensheni bado inamfuata aliyekatwa mshahara, na hakuna aliyewahi kumkata mshahara mwanika dagaa.

Alichobakiza kukitegemea ni kitambulisho cha matibabu ya bure kwa wazee, kwa kuwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60, naye amepita 70. Nilimsindikiza katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Kijana aliyekuwa mezani alimwamkia vizuri, akasoma jina la marehemu mume wake, kisha akauliza, "Bibi, wewe ulivuka mwaka gani?" Shangazi akamjibu kwamba hakuvuka, alizaliwa Kalinzi. Kijana akasema lafudhi yake ni ya Kirundi. Mtu yeyote wa Kigoma anajua kwamba Kiha na Kirundi vinasikilizana, na ni Waha wengi walioulizwa swali hilo wakiwa ndani ya mkoa wao. Lakini baba mkubwa, mwenye lafudhi ileile na mke aliyetoka Kongo, hajawahi kuulizwa. Tulirudishwa tukatafute ushahidi wa kuzaliwa kwake. Watu wa Kalinzi waliomwona akizaliwa wamekwisha.

Mara ya tatu tulikwenda na baba mkubwa. Alivaa koti, akatoa kitambulisho chake cha ustaafu, akasema, "Huyu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja." Akapewa kiti. Shangazi akaendelea kusimama mpaka nilipomsogezea benchi. Fomu ilipokelewa asubuhi hiyohiyo, na sahihi ya baba mkubwa ikakaa chini ya alama ya dole gumba la dada yake.

Njiani kurudi nilimsifu baba mkubwa, naye akanyamaza. Baadaye shangazi aliniambia kwamba kaka yake alikuwa amekataa mara mbili kuja, akisema goti linamuuma, na kwamba mama mkubwa ndiye aliyemnyooshea koti na kumwambia hatapika siku hiyo mpaka aende. Ziwa lilipofunguliwa, sado ya kwanza ya dagaa waliokauka vizuri ilikwenda Ujiji, kwa wifi yake.